Kopo Lilipofurika

Nyamvula amekuja na tarakilishi kifuani
kama aliyeachiwa mtoto wa mwenzake.
Kiti hakutaka, akakaa mkekani.
Baba yake nilimfundisha hesabu za kutoa
hapa hapa Mtongwe; hata leo kukopa kumi kunamshinda.

"Mwalimu, mashine hizi zimepewa bahari nzima,
kutoka mwamba wetu wa nje hadi Sumatra,
joto lake, chumvi yake, pepo zake,
kisha zikaulizwa: Mombasa, mvua kiasi gani?"

Na Mombasa yenyewe, nikasema, i wapi humo?

Akanionyesha mraba.
Pembe moja imekanyaga Kinango,
nyingine iko kilindini, na sisemi bandarini.
Kisiwa hakimo. Kivuko hakimo.
Vilima vya Shimba vimekatwa sawa
kama unga wa dukani juu ya kibaba,
basi wingu likitoka majini
halina pa kujikwaa.

Masika zinayapunja, asema. Vuli zinaizidishia.
Mwezi wa Mei, ndoo zetu zikilala nje zikaamka zimejaa,
zenyewe zahesabu manyunyu;
ikifika Novemba zamwaga bila huruma.
Kosa liko baharini: upande wetu
zimeupasha moto kuliko ulivyo,
upande wa Sumatra zimeupoza,
na bahari iliyoinama hivyo
ni sinia la uji lililoshikwa upande mmoja.

Si kwamba hazijui kitu.
Mwaka ambao maji yetu yalipata joto kweli
zilijua kuna mgeni njiani.
Ni kama shemeji yangu Mwarandu:
siku ya karamu anaijua,
sahani ngapi, hajui.

Alichotaka kwangu ni madaftari.
Miaka thelathini na mmoja, saa tatu asubuhi,
kopo la shaba nyuma ya darasa la nne.
Anafunua. Anacheka
penye maneno yangu ya pembeni: hii si mvua,
ni mtoto wa darasa la pili.
Penye nukta tupu mwezi wa Juni hakucheka;
nilikuwa Kwale namzika mama.

Kisha kidole kikasimama.
Oktoba, mwaka wa Elinino.
"Hapa mashine zote zimetia chumvi, Mwalimu.
Zinazidi kitabu chako karibu mara mbili."

Nilitazama uani. Kuku alikuwa anaparua.

Kopo, nikamwambia, lina mdomo, halina koo.
Asubuhi nne za mwezi ule
nililikuta limejaa hadi ukingoni, maji yakitiririka ubavuni,
nikaandika kilichokuwemo.
Kilichopita, mchanga ndio ulioandika.
Na siku ya tano sikufika kabisa,
uwanja wa shule ulikuwa maji ya kifuani;
namba niliitia nikiwa kitandani, kwa kukisia.
Pembeni palikuwa na nafasi.
Mkaguzi alikuwa njiani, naye alipenda vitabu safi.

Nyamvula hakusema neno.
Nikaomba kalamu yake, nikaandika palepale,
mkono ukinitetemeka: lilifurika.
"Kiasi gani?" akauliza.
Sijui.
Miaka yote hii mashine zimeitwa waongo
kwa uongo wangu. Hayo mengine, ya masika,
ni yao, na wayabebe.

Akivaa viatu akaniuliza kopo li wapi sasa.
Lile pale dirishani, limepandwa mrehani.
Mwanatumu alilitoboa tundu chini
maji yasituame.